Saspensheni ya Nyuma Inapolia kwenye Gari Lililoshushwa: Bushi za Mpira, za Poliyurethani au za Tufe la Chuma?

Mlio huo huanza taratibu. Gari limeshushwa, limepata sura ambayo mwenyewe aliitamani kwa muda mrefu, na kwa miezi kadhaa mambo ni shwari. Kisha asubuhi moja ya Juni, baridi ya Dodoma ikiwa bado haijapungua, tuta la kwanza nje ya nyumba linatoa sauti ndefu ya bawaba kavu kutoka upande wa nyuma. Kwangu ilikuwa hivyo, mtaani Kisasa, kwenye Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003 niliyoishusha kwa takriban milimita 40 kwa kufunga springi fupi. Mchana jua lilipokolea sauti ilipungua, nikadhani imekwisha. Kesho yake asubuhi ikarudi, na baada ya wiki mbili gari lilikuwa linalia hata abiria anapoketi kiti cha nyuma.

Anayetafuta dawa ya mlio huu hupewa majibu matatu, yote kuhusu bushi, yaani vipande vinavyokaa kwenye maungio ya mikono ya saspensheni (vyuma vinavyoshika magurudumu). Muuza spea atamshauri aweke bushi mpya za mpira, za aina ileile iliyotoka kiwandani. Mpenzi wa mwendo kasi atamshauri aweke bushi za poliyurethani, yaani zile ngumu zinazouzwa zikiwa na rangi ya njano, nyekundu, zambarau au nyeusi. Wa tatu atamwambia aachane na kila kilaini na afunge maungio ya tufe la chuma, kama yanayotumika kwenye magari ya mashindano. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi kwa gari lake na kwa barabara anazopita, na ugumu wa kuchagua unatokana na hapo.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kinacholia

Naomba msomaji asiruke sehemu hii. Nimeshuhudia seti nzima ya bushi za nyuma ikibadilishwa katika gereji moja, ilhali kilichokuwa kikilia ni raba mbili za stabilaiza (fito ya chuma inayozuia gari kuinama sana kwenye kona), ambazo hutoka kwa kufungua bolti chache tu. Fedha zilikwenda, siku mbili zilikwenda, na mlio ukabaki palepale.

Sauti yenyewe hutoa fununu ya kwanza. Bushi iliyokauka au iliyosokotwa hutoa mlio mrefu unaofuata mwendo wa gari: likishuka unalia, likipanda unalia. Mgongano mfupi wa "ko" kwenye kila shimo kwa kawaida hutokana na linki ya stabilaiza iliyolegea, mauntingi ya juu ya shokapu iliyochoka, au bolti ambayo haikukazwa sawasawa. Springi fupi mno inaweza kucheza kwenye kikalio chake gurudumu linaponing'inia, kisha ikarudi mahali pake kwa mlio wa chuma. Kukwaruza kunakosikika tu gari linapobeba watu wanne ni dalili ya tairi kugusa bodi. Kile kishindo kizito kwenye tuta refu, nacho, ni shokapu iliyofika mwisho wake na kugonga raba ya kuzuia, kwa sababu kushusha gari kumeila sehemu ya nafasi yake ya kushuka. Kishindo hicho hakitaondolewa na bushi ya aina yoyote.

Jaribio lenyewe lazima lifanyike gari likiwa limekanyaga kwa magurudumu yake yote, juu ya shimo la gereji au juu ya rampu imara. Ukiliinua kwa jeki, mikono ya saspensheni inaning'inia, bushi zinakaa katika pembe nyingine, na mara nyingi mlio unapotea kabisa. Isitoshe, kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee ni kuhatarisha maisha. Mtu mmoja hubonyeza buti polepole kwa mikono miwili, na mwingine akiwa chini husikiliza. Kifaa kinachohitajika ni chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, ikiwa na maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo.

Kwenye gari langu fundi alianza na raba za stabilaiza, akazilowesha, akasema, "Bonyeza taratibu, bosi, usilirushe." Mlio ukabaki. Akalowesha bushi za linki mbili za pembeni, yaani mikono iliyokingama upana wa gari, upande mmoja kisha mwingine; ukabaki vilevile. Alipofika kwenye mkono unaolala kuelekea mbele ya gari, akaielekeza chupa kwenye bushi yake ya mbele, na maji yakashuka mekundu kwa vumbi, yakimchirizikia hadi kwenye kiwiko. Nilibonyeza tena, na hapakuwa na sauti yoyote. Tulisubiri hadi maji yakauke, nikabonyeza, mlio ukarudi. Hapo ndipo tulipojua tunatafuta dawa ya nini.

Kwa asiyepata msaidizi, ipo njia nyingine ya kuihukumu stabilaiza: fungua linki zake pande zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, kisha zunguka mtaani polepole. Gari likinyamaza, usiguse bushi nyingine. Linki zirudishwe kabla ya kwenda mwendo wa kawaida, kwa kuwa bila stabilaiza gari huinama sana kwenye kona.

Jambo moja linanisikitisha kila nikiliona: oili chafu ya injini kupakwa kwenye bushi za mpira. Oili na grisi ya kawaida vinavyotokana na petroli huvimbisha mpira wa kawaida na kuulainisha, na juu ya hapo hunasa vumbi. Mlio hunyamaza kwa siku chache, lakini bushi imeshaharibiwa. Kama ni lazima kupaka kitu kwa ajili ya majaribio, kiwe cha silikoni.

Pengine huhitaji bushi mpya

Ndani ya bushi ya mpira ya kiwandani kuna bomba dogo la chuma, nje yake kuna bomba kubwa, na katikati kuna mpira uliogandishwa kwenye mabomba yote mawili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hushikwa kabisa lisizunguke. Kwa hiyo mkono unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza, bali mpira wenyewe ndio unaosokotwa na kujirudisha. Maana yake ni kwamba mkao wa kupumzika wa mpira huamuliwa wakati ule bolti inapokazwa.

Sasa fikiria fundi aliyefunga springi fupi bila kulegeza bolti za mikono, au aliyezikaza wakati gari limeinuliwa na magurudumu yananing'inia. Gari linapokanyaga chini, mpira unakuwa umesokotwa hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta huongeza msokoto juu ya msokoto. Ndiyo maana magari yaliyoshushwa hulia mapema kuliko yale yaliyoachwa katika kimo chake.

Dawa yake ni kulegeza bolti zote za mikono ya nyuma, kuliweka gari juu ya magurudumu yake, kulibonyeza mara kadhaa litulie, kisha kuzikaza likiwa katika mkao huohuo kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwenye Impreza ya kizazi hicho, bolti ya ndani ya linki ya pembeni ya nyuma ndiyo pia inayorekebisha mwelekeo wa gurudumu, hivyo iwekwe alama ya rangi kabla ya kuguswa, na alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ipimwe baadaye. Kazi hii hugharimu ujira wa fundi na alaimenti tu. Kama mpira haujapasuka wala haujaachana na bomba lake, nashauri ifanyike kabla ya kununua chochote, kwa sababu inawezekana ndiyo tiba nzima.

Vigezo vya kulinganisha

Mpira ukiwa umeshapasuka, uchaguzi unaanza. Mimi hutazama mambo matano: ukimya baada ya kufunga na baada ya miezi kadhaa, uvumilivu wa vumbi na matope, jinsi gari linavyojibu usukani, ugumu wa kazi ya kufunga, na upatikanaji wa spea pamoja na gharama zinazofuata baadaye.

Kigezo cha vumbi nakipa uzito wa pekee kwa mkazi wa Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida hazifiki milimita 600. Miezi inayobaki ni vumbi jembamba linaloingia kila penye mwanya. Barabara kuu za kwenda Morogoro, Iringa, Singida na Kondoa zina lami, lakini wengi wetu tunaanza na kumaliza safari kwenye barabara za vumbi za mitaani, na katika vijiji vya njiani matuta na rasta huifanyisha kazi saspensheni bila kupumzika.

Bushi mpya za mpira

Kwa ukimya hazina mpinzani zikifungwa vizuri, kwa sababu hakuna kitu kinachoteleza juu ya kingine, na mpira humeza mtetemo wa barabara kabla haujafika kwenye bodi. Vumbi nalo haliwezi kupenya ndani yake. Linaweza kukaa juu juu tu. Kwa upande wa uendeshaji, mpira una ulegevu wake: gurudumu husogea kidogo unapokata kona kwa nguvu, na dereva makini huhisi sehemu ya nyuma ikichelewa kutulia. Huo ulegevu watengenezaji waliukusudia, kwa kuwa mkono kama ule uliokuwa ukilia kwenye gari langu hauzunguki katika mhimili mmoja tu. Gurudumu likipanda, mkono hupinda kidogo upande huu na kidogo upande ule, na mpira huufuata bila kulalamika.

Kufunga kunahitaji presi ya kutolea bushi ya zamani na kuingizia mpya, pamoja na sharti lile la kukaza gari likiwa limekanyaga chini, ambalo kwa gari lililoshushwa halina msamaha. Ukibadilisha kimo cha gari tena, bolti zilegezwe na kukazwa upya.

Kuhusu upatikanaji, hapa mjini utapata za magari yanayotembea sana, lakini kwa gari la michezo mara nyingi utaagiza Dar es Salaam, maeneo ya Kariakoo na Gerezani, na mzigo utakuja kwa basi. Wakati mwingine ni rahisi kupata mkono mzima wenye bushi zake kuliko bushi peke yake. Hapo nitahadharishe juu ya mikono ya mtumba: Impreza za kizazi hiki zilitengenezwa kati ya 2000 na 2007, kwa hiyo mkono uliotolewa kwenye gari la umri huo una mpira wenye miaka ileile, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Zinamfaa anayetumia gari kila siku, anayebeba familia, na ambaye angependa asikumbuke kabisa kuwa kuna bushi chini ya gari lake.

Bushi za poliyurethani

Hizi zinafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, na anayezifunga bila kuielewa tofauti hiyo ndiye anayelalamika baadaye. Bomba la ndani halikugandishwa kwenye poliyurethani. Linateleza ndani yake. Mkono unazunguka kwa uhuru, na hakuna msokoto unaotegemea kimo cha gari. Kwa gari lililoshushwa, hasa linalobadilishwa kimo mara kwa mara, hiyo ni faida kubwa ambayo wauzaji wenyewe huisahau kuitaja.

Kila kinachoteleza, hata hivyo, kinahitaji grisi, na hapa grisi ni ile nzito ya silikoni inayokuja na seti. Ikiwa imejaa vizuri, bushi ni kimya. Ikikauka au ikichanganyika na vumbi, bushi hulia kwa sauti kali kuliko ya mpira uliochoka, na vumbi lililonaswa husaga bomba na bushi kwa pamoja. Anayepita barabara za vumbi kila siku ajiandae kuzifungua, kuzisafisha na kuzipaka upya mara kwa mara. Zikiwa na nipo za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi bila kufungua bushi), kazi hupungua sana, na zipo pia zilizochanganywa na grafiti ambazo hazilii upesi.

Kwenye usukani tofauti huonekana mara moja. Ugumu wa bushi hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Mpira wa kiwandani mara nyingi huwa kati ya 50 na 70, ilhali poliyurethani ya barabarani huanzia 70 hadi 95 hivi, na sehemu ya nyuma ya gari hufuata usukani bila kusitasita. Gharama ya usahihi huo ni mtetemo zaidi ndani ya gari, unaovumilika kwenye lami na unaochosha kwenye barabara ya makorongo.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye mikono inayopinda katika mihimili zaidi ya mmoja. Poliyurethani hupenda kuzunguka kama bawaba. Ukiilazimisha ipinde kando, hukakamaa, hulia, na nguvu yote huhamia kwenye vishikizo vya bodi. Kwa sababu hiyo, kwenye Impreza ningeziweka kwenye stabilaiza bila kusita na kwenye linki za pembeni kwa kufikiri, lakini kwenye ule mkono unaolala kuelekea mbele ya gari ningejizuia.

Kufunga ni rahisi, kwani nyingi huja katika vipande viwili vinavyoingia kwa mkono au kwa jiriwa. Kazi iko kwenye kutoa za zamani. Upatikanaji ni wa kuagiza nje, na seti iagizwe kwa namba halisi ya modeli. Zinamfaa mwenye kupenda kuendesha, anayepita lami zaidi, na aliye tayari kushika grisi mwenyewe.

Maungio ya tufe la chuma

Hapa hakuna kilaini. Tufe la chuma linazunguka ndani ya kikombe chenye utando wa tefloni, kwa uhuru wa kila upande, hivyo hakuna msokoto wala kukakamaa, na likiwa jipya halilii. Dereva hupata usahihi ambao bushi nyingine haziufikii. Mikono yenye maungio haya mara nyingi hurekebishwa urefu, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa gari lililoshushwa, kwani kushusha huyavuta magurudumu ya nyuma yainamie ndani na kula tairi upande wa ndani.

Lakini kila kokoto la barabara utalisikia ndani ya gari, na vumbi la Dodoma ni adui wa moja kwa moja wa ule utando. Ukishalika, tufe linaanza kucheza na mgongano wa chuma unachukua nafasi ya mlio uliokuwa unaukimbia. Hapo hakuna grisi ya kulirudisha, ni kubadilisha. Vifuniko vya raba vya kuzuia vumbi ni vya lazima, na kabla ya kununua hakikisha tufe linauzwa peke yake kwa vipimo vinavyojulikana, ili usilazimike kununua mkono mzima kila mara. Yanamfaa mwenye gari la pili, la mashindano au la matembezi ya lami, ambaye hulikagua kabla ya kila safari.

Uchaguzi kwa kila hali

Kama unakwenda kazini Mtumba na kurudi kila siku, na mara moja kwa mwezi unasafiri Singida au Morogoro na watoto nyuma, chukua mpira mpya na utumie fedha iliyobaki kwenye alaimenti. Kama mlio ni wa stabilaiza peke yake, badilisha raba zake tu, za mpira au za poliyurethani, na usiguse kingine. Kama gari lako lina shokapu za kurekebisha kimo na hulishusha na kulipandisha mara kwa mara, poliyurethani kwenye linki itakuondolea usumbufu wa kukaza upya kila mara, mradi nyumbani kwako hakuna kilomita kadhaa za vumbi kabla ya lami. Kama tairi za nyuma zinaisha upande wa ndani pamoja na mlio huo, mikono ya kurekebisha urefu inastahili kufikiriwa, na ipo inayouzwa ikiwa na bushi za mpira au za poliyurethani kwa asiyetaka kelele za tufe. Na kama mlio umeanza mara tu baada ya kushusha gari, rudi kwanza kwenye kulegeza na kukaza.

Mwenye Impreza azingatie jambo moja zaidi kabla ya kumkabidhi fundi funguo. Bolti ndefu inayoshika linki za pembeni kwenye kitovu cha gurudumu hupenda kuganda ndani ya bomba la bushi, hasa kwa magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Inaweza kulazimu ikatwe. Uwe na bolti mpya mkononi kabla kazi haijaanza, la sivyo gari litalala gerejini likisubiri basi la Dar es Salaam.

Langu lina mpira mpya kwenye ule mkono unaolala kuelekea mbele ya gari, mpira wa kiwandani uliokazwa upya kwenye linki, na poliyurethani kwenye stabilaiza, ambayo huifungua mwezi Mei mvua zikiisha, nikaisafisha na kuipaka silikoni. Baada ya kilomita 500 za kwanza tulizipitia bolti zote kwa spana ya kipimo, gari likiwa limekanyaga chini, na mbili kati yake zilikubali kukazwa kidogo zaidi.